Simu mezani na bakuli la tom yum: ladha imekwenda wapi?

Msomaji mmoja ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha hivi:

"Mtaalamu, shikamoo. Mimi na mume wangu tunapenda sana chakula cha Kithai. Kila Ijumaa jioni tunatoka kwenda kukila, na mara nyingine tunapika wenyewe nyumbani. Tulipoanza, miaka minne iliyopita, bakuli la supu ya tom yum lilikuwa linanifanya nifumbe macho. Siku hizi nikimaliza kula nasikia pilipili tu mdomoni. Nilidhani wapishi wameharibu, tukabadilisha mgahawa mara mbili, hali ikawa ile ile. Ijumaa iliyopita mume wangu akaniuliza, 'Hivi umekula nini leo?' Nikashindwa kujibu, kwa sababu muda wote nilikuwa napiga picha, natuma, nasoma majibu. Nimejaribu kuiacha simu mkobani lakini mkono unaifuata wenyewe. Kuizima naogopa, maana mama yangu ni mgonjwa na anaweza kunipigia wakati wowote. Je, ladha imepotea kwenye chakula au imepotea kwangu? Nifanyeje?"

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. La simu ya mama nitalifikia. Ndilo lenye jibu jepesi kuliko yote. Nianze na lile lililokufanya uandike.

Chakula hakina kosa, na sidhani kama ulimi wako una kosa. Jipime hivi: asubuhi unaponusa kahawa au sabuni ya kuogea, harufu inakuja kama zamani? Kama inakuja, pua yako ni nzima na tunaweza kuendelea. Kama haiji, weka barua yangu pembeni kwanza ukamwone daktari, maana yapo mafua na maradhi mengine yanayoweza kumwondolea mtu uwezo wa kunusa kwa muda mrefu, na hapo simu haina hatia.

Nikichukulia kwamba unanusa vizuri, basi unakula huku akili iko kwingine, na tom yum haimvumilii mlaji wa namna hiyo. Vipo vyakula vinavyomvumilia. Ukila mkate mkavu huku unasoma utapoteza kidogo tu, kwa sababu hapakuwa na mengi ya kupoteza. Chakula cha Kithai kimejaa mambo madogo madogo yanayokwenda kwa pamoja, na ndiyo maana umeliona pengo kwenye meza ya Ijumaa kabla hujaliona kwenye chai ya asubuhi.

Ulimi wenyewe unajua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama au uyoga ambao Wajapani waliupa jina la umami. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ni kazi ya pua. Unapotafuna na kumeza, hewa iliyobeba harufu ya chakula hupanda kupitia nyuma ya koo hadi puani, na ubongo huiunganisha na kile ulichosema ulimi, ukakupa kitu kimoja unachokiita ladha. Sasa tazama kilichomo kwenye bakuli lako: mchaichai, majani ya mlimau wa makrut, na vipande vya galangali, ule mzizi ulio ndugu wa tangawizi. Ulimi unavielewa kidogo sana vitu hivyo vitatu. Vimewekwa hasa kwa ajili ya pua. Ukiondoa harufu yao, tom yum kung, ile supu ya kamba ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2024, inabaki maji ya ndimu yenye chumvi na pilipili.

Na pilipili yenyewe si ladha. Ndani yake mna kapsaisini, kemikali inayofungua mlango ule ule kwenye mishipa ya fahamu unaofunguliwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi. David Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian, kwa kazi yao juu ya namna mwili unavyohisi joto na mguso, na ni kapsaisini iliyomwongoza Julius kuupata mlango huo. Ubongo ukipokea taarifa kutoka hapo unaelewa kwamba kuna moto. Taarifa ya moto haisubiri mtu apate nafasi. Harufu ya mchaichai ni pole. Ikikukuta macho yako yamo kwenye kioo cha simu, inapita zake. Kwa hiyo nilipofika pale ulipoandika "nasikia pilipili tu", nilikuelewa. Katika vyote vilivyomo bakulini, pilipili ndiyo yenye nguvu ya kukuita hata ukiwa mbali.

Inafaa ukumbuke pia kwamba pilipili ni mgeni katika chakula hicho. Asili yake ni bara la Amerika, na ilifika Asia kwa biashara ya Wareno, ambao walifika Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Siam, yaani Thailand ya leo, mwaka 1511. Kabla yake ukali ulitokana na vitu kama pilipili manga, na mpaka leo Kithai kinaiita pilipili manga "phrik thai", pilipili ya Kithai, kana kwamba lugha inakumbuka nani alikuwepo kwanza. Mapishi hayo yalikuwa na mengi ya kusema kabla pilipili haijaingia jikoni. Hayo mengi ndiyo unayoyakosa.

Hili la ladha kupooza akili ikiwa na mzigo limepimwa. Mwaka 2013 watafiti Reine van der Wal na Lotte van Dillen wa Uholanzi walichapisha majaribio ambapo watu walionja vitu vichachu, vitamu na vya chumvi huku wakiwa na jambo la kukariri kichwani. Waliopewa mzigo mzito waliona ladha imefifia kuliko waliopewa mzigo mwepesi, na walielekea kutaka kilichokolea zaidi. Mzigo wenyewe ulikuwa namba tu. Wewe unabeba zaidi ya namba: nani amependa picha, nani ameandika nini, fulani mbona kimya, nimjibu vipi huyu. Muulize mume wako kama siku hizi unajiongezea mchuzi wa samaki na pilipili kuliko mwanzo. Ningeshangaa akisema hapana.

Nami nimepita huko. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nakula tom kha, ile supu ya kuku na tui la nazi, huku nasoma ujumbe wa kazi. Nikachota kijiko bila kutazama, nikauma kwa nguvu kitu nilichodhani ni kuku. Kilikuwa kipande kinene cha galangali, kigumu kama kuni, chenye ukali wa dawa. Mpishi hakuwa amekosea. Galangali, vijiti vya mchaichai na majani ya makrut huachwa ndani ya supu makusudi, na anayeijua supu hiyo huvisogeza pembeni ya bakuli anapokula, kwa sababu vimeshamaliza kazi yake. Supu inamtaka mlaji atazame. Kilichoniuma kuliko kile kipande ni kwamba bakuli lilikuwa limefika nusu, nami sikuwa na kumbukumbu ya hata kijiko kimoja kilichotangulia. Nilikuwa nimeingoja supu ile wiki nzima.

Tangu hapo niliacha kuwaambia watu "wekeni simu mbali" nikaishia hapo. Ushauri huo ni wa kweli lakini ni nusu, kwa sababu unaondoa kitu na kuacha nafasi tupu, na nafasi tupu ndiyo inayouita mkono urudi mkobani. Ninachokushauri wewe ni kuipa meza ya Kithai kazi yake yote. Ina kazi za kutosha kwa mikono, macho na mdomo, na ulipoanza kuipenda miaka minne iliyopita nadhani ulikuwa unazifanya bila kujua.

Nieleze. Mlo wa pamoja nchini Thailand hauji sahani moja kwa kila mtu. Kila mmoja ana wali wake, na katikati kuna vitu vinne au vitano vya wote: supu, mchuzi wa tui, kitu cha kutwangwa chenye uchachu, samaki, mboga za kukaanga. Unachota kijiko kimoja au viwili vya kitu kimoja, unakula na wali, kisha unahamia kingine. Kujijazia kila kitu sahanini kwa mara moja huonekana ni pupa. Kinachoingia mdomoni ni kijiko, kikishikwa mkono wa kulia. Uma uko kushoto na kazi yake ni kusukuma chakula kiingie kwenye kijiko. Kisu hakipo, kwa sababu vitu vimeshakatwa jikoni. Vijiti vinakuja zaidi na tambi.

Tazama basi mtu huyo ana kazi ngapi. Mikono yote miwili imeshika. Macho yanachagua kinachofuata, na kinachofuata kinategemea kilichotangulia. Umekula mchuzi wa kijani, mdomo umefunikwa na mafuta ya tui. Unaitafuta som tam, papai bichi lililotwangwa na ndimu, ikusafishe. Som tam imekuwasha. Kunywa maji hakukusaidii sana, kwa kuwa kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, kwa hiyo unarudi kwenye tui au kwenye wali mtupu. Kila kijiko ni uamuzi, na kila uamuzi unategemea kwamba umekisikia kijiko kilichopita. Simu ikiingia kati, mtu hula kile kilicho karibu na mkono wake mpaka kiishe. Anashiba, lakini mpango wote wa mezani umekwenda bure.

Tambi zina kazi yake nyingine. Kwenye meza za maduka ya tambi kule Thailand kuna kichano kidogo chenye vibakuli vinne, na mara nyingi humo mna sukari, mchuzi wa samaki, pilipili kavu iliyosagwa, na pilipili iliyokatwa ndani ya siki. Mpishi anakuletea bakuli lililokolea kiasi, akikuachia wewe ulimalizie. Unaonja mchuzi kwanza, mtupu. Unajiuliza umepungukiwa nini. Unaongeza kidogo, unakoroga, unaonja tena. Mtu anayependa tambi hizo kweli hufanya hivyo mara mbili au tatu kabla hajaanza kula, na si ajabu bakuli la leo likahitaji siki zaidi kuliko la jana. Mwenye simu mkononi hutia pilipili vijiko viwili kabla hajaonja, kwa mazoea, kisha anasema tambi zilikuwa kali. Hapa ningependa sana uanze. Ukiagiza tambi, jiwekee kwamba hutatia chochote kabla ya vijiko vitatu vya mchuzi mtupu. Ni jambo dogo mno, na linakurudisha mezani kwa haraka kuliko nasaha zote nilizowahi kutoa.

Sisemi kwamba Wathai hawashiki simu wakila. Wanashika kama watu wengine wote duniani, na ukipita kwenye barabara za chakula za Bangkok usiku utaona vioo vinang'aa juu ya mabakuli. Ninachokisifu ni namna mlo wenyewe ulivyopangwa. Unaweza kuufuata hivyo popote ulipo, hata mkiwa wawili tu, mradi mwagize vitu vitatu vya kugawana badala ya kila mmoja kujificha nyuma ya sahani yake.

Sasa picha. Najua unangoja nikukataze, na sitakukataza. Kupiga picha kuna mawili yanayochanganywa. La kwanza ni kutazama ili upige: unatafuta mwanga, unaona rangi ya mafuta mekundu yanayoelea, unaona majani ya rihani yaliyolala juu ya nyama. Hilo linaweza kukusogeza karibu na chakula. Kristin Diehl na wenzake walichapisha mwaka 2016 majaribio yaliyoonyesha kwamba mara nyingi watu wanaopiga picha hulifurahia zaidi tukio kwa sababu wamezama ndani yake. La pili ni kupiga ili uonyeshe. Hapo macho yako yako kwenye bakuli lakini moyo uko kwa watakaoliona, na watafiti wa kundi hilo hilo walionyesha mwaka 2018 kwamba nia ya kuwaonyesha wengine huweza kuipunguza raha ya anayepiga, kwa kuwa anaanza kujiuliza ataonekanaje. Barua yako inasema "napiga picha, natuma, nasoma majibu". Shida yako imo katika kutuma na kusoma majibu.

Kwa hiyo piga. Piga moja, mbili zikizidi, kisha simu iondoke. Tuma ukiwa umeshalipa na mmetoka nje, au kesho yake. Bakuli halitaharibika likiwa ndani ya simu. Mezani ndiko linakoharibika. Som tam ikikaa inachuja maji, maana chumvi na sukari huyavuta kutoka kwenye papai, na ule uchachu mkali unazimuka. Tambi za mchele za pad thai zikipoa hushikana donge. Supu inapoa, na ikipoa mvuke hupungua, na mvuke ndio unaopeleka harufu puani. Kile chakula kilichokufanya ufumbe macho miaka minne iliyopita kina dakika chache za ubora wake, na nadhani umekuwa ukizitumia kutafuta pembe nzuri ya picha.

Nije kwa mume wako. Swali lake, "Hivi umekula nini leo?", sikulisoma kama lawama ya chakula. Alikuwa anakula na mtu asiyekuwepo. Mwaka 2018 Ryan Dwyer, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn walichapisha utafiti uliofanyika kwenye mgahawa mmoja wa Vancouver, Kanada, kwa watu zaidi ya 300 waliokwenda kula na ndugu au marafiki. Wengine waliambiwa simu zikae mezani, wengine wakaziweka mbali. Wale wa simu mezani walijiona wamevurugika zaidi kimawazo na walifurahia mlo na wenzao kwa kiasi kidogo kuliko wale wengine. Tofauti haikuwa kubwa sana, na nasema hivyo kwa sababu sipendi kuwatisha watu kwa tafiti. Lakini mlo mmoja wenye upungufu mdogo, ukirudiwa kila Ijumaa kwa miaka, si kitu kidogo tena kwa wanandoa.

Utasikia pia ikisemwa kwamba simu ikiwepo tu karibu, hata imefunikwa kifudifudi, inakunyang'anya akili. Dai hilo lilivuma baada ya utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2017. Wengine waliorudia jaribio hilo hawakupata matokeo yale yale, kwa hiyo mimi silitegemei. Nakushauri uiweke simu mbali kwa sababu ya kawaida zaidi: kitu kisichofikika kwa mkono hakishikwi bila kukusudia.

Na hapo ndipo penye mkono unaoifuata simu wenyewe. Usijilaumu kwa hilo. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani, kwa panya na njiwa, kwamba mnyama anayepata chakula kila akibonyeza huacha upesi chakula kikikatika, lakini yule anayepata mara moja moja bila mpangilio huendelea kubonyeza muda mrefu sana. Simu yako inafanana na hali hiyo ya pili. Mara nyingi ukiifungua hakuna kitu; mara moja moja kuna ujumbe wa kukufurahisha, na hujui ni lini. Kutokujua huko ndiko kunakouvuta mkono. Kwa hiyo usiingoje nia yako ishinde kila dakika mezani. Amua mara moja tu, mlangoni: simu zote mbili, yako na yake, ziingie kwenye mfuko wa koti au mkoba uliotundikwa kiti cha tatu. Yake pia, tafadhali. Mmoja akiacha na mwingine akashika, aliyeacha anakaa akitazama paji la uso la mwenzake, na Ijumaa ya pili haitakuwepo.

Utasikia hali ya kukosa utulivu. Kwa wengi ninaozungumza nao inakuja mapema, kabla chakula hakijafika, kwa sababu kungoja ndiko tulikozoea kukujaza kwa simu. Hapo ndipo pa kupanga. Mkishaagiza, zungumzeni juu ya kinachokuja: yupi ataanza na supu, yupi ataionja som tam kwanza na kumwambia mwenzake kama pilipili imezidi. Kama mgahawa una jiko la wazi, kaeni mnapoona. Sauti ya mchi ukigonga kinu som tam inapotwangwa inatosha kumfanya mtu aanze kutokwa mate, na mate hayo ni sehemu ya kuonja. Kithai kina salamu iliyozoeleka, "kin khao rue yang", yaani "umeshakula wali?" Watu wanaosalimiana hivyo hawaoni ajabu kuongea juu ya chakula muda mrefu kabla hakijafika.

Kuna jambo moja hukuliuliza ila limo katika barua yako. Kusahau ulichokula kunaendelea na wewe mpaka nyumbani. Mwaka 2011 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu chakula cha mchana, wengine wakila huku wanacheza karata kwenye kompyuta. Waliocheza walikumbuka vibaya zaidi mpangilio wa vitu walivyokula, walijiona hawajashiba sana, na baada ya nusu saa walikula biskuti nyingi kuliko wenzao. Tafiti nyingine kadhaa zilizokusanywa pamoja mwaka 2013 zilielekea huko huko: kula huku umevurugwa huongeza kidogo unachokula wakati huo, na huongeza zaidi unachokula baadaye. Ukijikuta Ijumaa usiku unafungua friji saa mbili baada ya kurudi, usidhani mgahawa ulikupunja.

Sasa mama. Usizime simu. Karibu simu janja zote za leo zina mpangilio wa kutosumbuliwa, na ndani yake kuna sehemu ya kuchagua watu ambao simu zao zitaita hata ukiwa umeuwasha. Mweke mama, mweke anayekaa naye, basi. Weka mlio wake uwe tofauti na milio mingine yote, na ujaribu nyumbani kwanza: mwambie mtu wa huko apige mara mbili uone inaita. Arifa nyingine zote zitanyamaza. Ukisikia mlio ule utajua ni yeye na utainuka bila kusita. Usipousikia, utajua hakuna anayekuhitaji. Nadhani hofu hii ilikuwa ya kweli, lakini imekuwa pia inakupa ruhusa ya kuitazama simu kila baada ya dakika mbili, na kila ulipoitazama hukuishia kwenye jina la mama. Wewe mwenyewe unalijua hilo.

Ukila peke yako mchana sina sheria kali. Mtu mpweke mezani anaweza kuhitaji sauti, na redio au hotuba inayosikika bila kutazamwa haiyafungi macho na mikono kama kioo. Jipe tu vijiko vitano vya mwanzo bila chochote.

Kwa Ijumaa hii nakuagizia mimi. Chukueni som tam, mseme pilipili moja tu, ili ukali usiwazibe mengine. Chukueni tom yum ya kugawana, na ikifika usishike kijiko; inamia bakuli, vuta pumzi kwa pua mara mbili, uutafute mchaichai na ndimu mpaka uvipate kila kimoja peke yake. Kijiko cha kwanza kimeze taratibu na utoe pumzi kwa pua baada ya kumeza, kwa kuwa hapo ndipo harufu inapopanda. Chukueni na kitu chenye tui, massaman ikiwepo, ina mdalasini, iliki na karafuu, na haina haraka ya kuwasha.

Halafu badala ya wali wa kawaida ulizieni wali wa kunata, khao niao, ule wa Isan, yaani kaskazini-mashariki mwa Thailand, na wa kaskazini. Mara ya kwanza nilipoula ilikuwa Chiang Mai, mji wa huko kaskazini, ukaletwa ndani ya kikapu kidogo cha mianzi chenye kifuniko, pamoja na nam phrik num, pilipili mbichi za kijani zilizochomwa na kutwangwa na kitunguu saumu. Mwenyeji wangu alinionyesha: unamega kidogo, unakifinya kwa vidole mpaka kishikane, unachovya, unakula. Vidole vinanata kidogo na vinanukia moshi wa pilipili. Simu yangu iliita mara mbili jioni ile. Nilitazama vidole vyangu, nikamega tena.